Kabla ya Kuchoma Diski, Ijue Deki Itakayoicheza

Mteja wa video ya harusi hujadiliana nawe mambo mengi kabla ya siku kufika: bei, idadi ya kamera, droni iwepo au isiwepo, wimbo gani uwekwe maharusi wanapoingia ukumbini. Suala la diski huachwa mwisho kabisa, na kwa kawaida humalizwa kwa sentensi moja: "Halafu utatutolea DVD tano." Mimi hapo ndipo maswali yangu yanapoanza. Tano za nani na nani? Wanakaa wapi? Wana deki gani, na TV zao ni za chogo au bapa? Nipo kwenye kazi hii hapa Tanga tangu enzi za kanda za MiniDV, na nimefikia kuamini kwamba mashine itakayocheza ina uzito kuliko kamera iliyopiga. Kamera ikiwa ya kawaida, watu watatazama na watafurahi. Diski ikikataa kusoma, kwa yule aliye mbali ni kama harusi haikufungwa.

Harusi ninayopenda kuitolea mfano ni ya ukoo uliotawanyika. Bibi yao alikuwa kijijini, Lushoto, na TV ya chogo ya inchi 14 inayotumia betri ya sola. Mjomba alikuwa Muscat, Oman. Dada mkubwa alikuwa Minnesota, Marekani, na ndiye aliyechangia fedha nyingi kuliko wote. Maharusi wenyewe walikuwa wamezawadiwa TV bapa mpya yenye tundu la USB. Kamati ya harusi iliagiza kitu kimoja kwa wote, DVD. Nilikaa na kaka wa bibi harusi nikamwomba twende mtu mmoja mmoja.

Tulianza na bibi, kwa sababu mashine ya mtu aliye kijijini ndiyo huwa kongwe kuliko zote. "Bibi ana deki ya DVD," kaka akaniambia bila kusita. Nikamwomba akipanda Lushoto aipige picha, mbele na nyuma, anitumie. Watu wengi huita deki yoyote ya diski DVD, na wana haki, maana zote zina droo inayotoka na rimoti zinazofanana. Picha ilipofika niliikuza nikatafuta alama ndogo zilizochapwa karibu na droo. Palikuwa na alama ya Compact Disc yenye maneno Digital Video chini yake. Palikuwa na MP3. Alama ya DVD haikuwapo.

Hiyo ilikuwa deki ya VCD tupu, yaani ya CD za video. Leza ya CD ina mawimbi ya nanomita 780, ya DVD ni nanomita 650, ya Blu-ray ni 405, na kadiri mawimbi yanavyokuwa mafupi ndivyo alama zinavyoweza kubanwa zaidi juu ya diski. Deki yenye leza ya CD peke yake ukiiwekea DVD itazungusha, itatafuta, kisha kioo kitaandika kwamba hakuna diski. Hakuna kitufe cha rimoti kinachoweza kubadili hilo. Bibi angeletewa DVD nzuri yenye kava la rangi, angeiweka, na angebaki anatazama kioo cha buluu.

VCD ilitoka mwaka 1993, na vipimo vyake ni hivi: kwa nchi zetu picha ni pikseli 352 kwa 288, imekandamizwa kwa MPEG-1, njia ya zamani ya kubana video, kilobiti 1,150 kwa sekunde kwa picha na 224 kwa sauti. CD ya megabaiti 700 inabeba takriban dakika 80. Mafundi vijana wanaidharau, nami siwezi kuidharau, kwa sababu kwenye TV ya chogo ya inchi 14 picha hiyo inatosha kabisa kumtambua kila mtu aliyekaa meza kuu. Ila inataka uihurumie. Biti ni chache, kwa hiyo kila kinachotingishika kinazila: taa za disko, chengachenga za karatasi zinazorushwa hewani, kamera inayokimbizana na wachezaji. Picha iliyopigwa gizani ikawa na chenga nayo inazila, kwa sababu programu inazihesabu chenga zile kuwa ni mwendo na inajitahidi kuzihifadhi.

Kwa hiyo bibi sikumpa harusi nzima ya saa tatu iliyokatwa vipande kwenye CD tatu. Nilimhariria yake: ndoa yenyewe, mzee akitoa nasaha, kila upande ukipiga picha za familia, na ngoma zile zilizopigwa na kamera iliyokuwa juu ya stendi. Nilipunguza chenga kwanza ndipo nikakandamiza. Majina niliyaandika kwa herufi kubwa na kuyaweka mbali na kingo, kwa sababu TV ya chogo hula sehemu ya picha pembeni. Ukiweka jina la bwana harusi chini kabisa kama unavyoliona kwenye kompyuta, kijijini litaonekana nusu. Sikuweka menyu. Ukiingiza diski, harusi inaanza. Bibi alinipigia mwenyewe kwa simu ya jirani: "Mjukuu wangu, nimewaona wote, hadi wale watoto wa Korogwe."

Hapa niseme jambo moja kuhusu kuuliza. Swali "una deki gani?" linaweza kumtia mtu aibu mbele ya wanakamati wenzake, hasa kama deki ya nyumbani kwao ni ya zamani. Atajibu "tuna kila kitu" ili mazungumzo yaishe. Ndiyo maana naomba picha, na naiomba kwa mtu mmoja pembeni, kwa maneno ya kawaida: nitumie picha ya mashine iliyopo ili diski niitengeneze iendane nayo. Hapo hakuna anayejisikia vibaya, na mimi napata ukweli ambao maneno hayanipi.

Kwa mjomba wa Muscat mambo yalikuwa mepesi. Oman wanatumia mfumo wa TV uitwao PAL kama Tanzania, Kenya na Uingereza: mistari 576, fremu 25 kwa sekunde. Diski ninayoitazama mimi hapa Tanga ndiyo atakayoitazama yeye. Shemeji mmoja alinisisitizia sana niweke "regioni ya Uarabuni", na hilo linanipa nafasi ya kueleza jambo ambalo watu wengi hulipotezea fedha. Namba za kanda, yaani hizo regioni, ziliwekwa kwa ajili ya filamu za kampuni kubwa, ili filamu inayouzwa Marekani isichezwe kwingine kabla ya wakati: 1 ni Marekani na Kanada, 2 ni Ulaya, Mashariki ya Kati na Japani, 5 ni sehemu kubwa ya Afrika pamoja na India na Urusi. Diski unayochoma mwenyewe huna sababu ya kuifungia kanda yoyote. Iache wazi, na kwa upande wa kanda itachezwa popote duniani. Mtu akikutoza fedha za ziada kwa ajili ya "kuweka regioni" kwenye video ya harusi yako, usimpe.

Mjomba alitaka saa tatu zote. Hapo inakuja hesabu ambayo kila anayechoma diski anapaswa kuijua. DVD ya tabaka moja inaandikwa gigabaiti 4.7, na kompyuta nyingi zitakuonyesha 4.38 kwa sababu zinahesabu kwa njia nyingine. Nafasi ni ileile, kama biti bilioni 37.6. Gawanya kwa sekunde. Saa mbili ni sekunde 7,200, unapata megabiti 5.2 kwa sekunde kwa picha na sauti pamoja. Saa tatu unapata kama 3.5, na saa nne 2.6. Kwa macho yangu, video ya harusi yenye ngoma na taa za ukumbini ikishuka chini ya megabiti 4 kwa sekunde huanza kuonyesha vipande vya mraba kwenye nyuso, hasa mtu anapogeuza kichwa. Kwa hiyo saa tatu niliziweka kwenye diski mbili, ndoa moja, ukumbini nyingine.

Kuna wanaokimbilia DVD ya matabaka mawili, ile ya gigabaiti 8.5. Naikwepa kwa kazi za wateja. Bei yake ni kubwa, na deki za zamani hupata taabu zinaposhuka kutoka tabaka moja kwenda la pili: picha inaganda, wakati mwingine hairudi. Diski mbili za kawaida ndani ya kasha moja hazina shida hiyo.

Kinyume chake nacho kipo. Mtu ana video ya dakika 40 tu, anaona nafasi imebaki tele, anapandisha biti hadi mwisho. Kiwango cha DVD kinaruhusu megabiti 9.8 kwa sekunde kwa picha, na 10.08 ukijumlisha vyote, lakini hizo ni namba za diski zilizopigwa chapa kiwandani. Diski ya kuchoma haiakisi mwanga vizuri kama ile, deki inabidi isome upya hapa na pale, na kwa kasi hiyo haipati nafasi ya kupumua. Mimi sizidishi 7 au 8, na sauti naiweka kwa Dolby Digital, aina ya sauti iliyokandamizwa, kwa sababu sauti isiyokandamizwa inachukua megabiti moja na nusu peke yake.

Kuhusu aina ya diski tupu: DVD-R zilianza na Pioneer mwaka 1997, DVD+R zikaja 2002 kutoka kundi jingine la kampuni. Kompyuta za leo hazijali. Deki za sebuleni ndizo zinazojali, na kwa uzoefu wangu deki kongwe huipokea DVD-R kwa urahisi zaidi. Ukiwa na DVD+R peke yake, baadhi ya mashine za kuchomea zinaruhusu kuiandika ijitambulishe kama DVD-ROM, yaani diski ya kiwandani, na deki nyingi zilizokuwa zikiikataa huikubali baada ya hapo. Nachoma polepole, kasi ya 4 au 8, hata kama kwenye pakiti wameandika 16. Kisha naifunga diski, kile programu zinachokiita "finalize". Mashine nyingi za mezani zinazorekodi moja kwa moja haziifungi mpaka uziamuru, na diski isiyofungwa itachezwa na mashine iliyoichoma tu. Wateja kadhaa wameniletea diski za namna hiyo wakidhani zimekufa, nikazifunga, zikacheza.

Na tafadhali, usibandike stika ya karatasi juu ya DVD. Inaonekana nadhifu siku ya kukabidhi, lakini joto la pwani linailegeza gundi, stika inavimba upande mmoja, diski inazunguka bila mizani na deki inaanza kuunguruma. Nunua diski zenye uso mweupe wa kuchapia, au andika kwa kalamu laini ya maji kwenye ile duara ya katikati.

Kabla ya kufika Marekani kuna kitu kinachoonekana kwenye TV ya chogo peke yake, nacho ni mpangilio wa mistari. Kamera za wakati ule zilikuwa zinarekodi kila fremu kwa nusu mbili, kwanza mistari ya witiri kisha ya shufwa, au kinyume chake. Kanda za DV huanza na mistari ya chini, kamera za HD za aina ya HDV na AVCHD huanza na ya juu. Ukichanganya kamera mbili kwenye kazi moja na programu ikapewa mpangilio usio sahihi, kwenye kioo cha kompyuta hutagundua chochote, kwa sababu kompyuta inaziunganisha nusu hizo kabla ya kukuonyesha. Ipeleke kwenye TV ya chogo: bibi harusi akitembea, anatetemeka kwenda mbele na kurudi nyuma, kila hatua. Watu wanaocheza ngoma hawatazamiki. Ndiyo maana TV yangu ya chogo bado ipo mezani, imeunganishwa na deki kwa waya wa vichwa vitatu, wa njano, mweupe na mwekundu. Hakuna diski inayotoka ofisini bila kupita pale. Kwenye TV hiyohiyo ndipo pia unapogundua kama umesahau kuiambia diski kwamba picha ni ya 16 kwa 9. Watu wote wanakuwa warefu wembamba, na wazee hawapendi kujiona hivyo.

Sasa Minnesota. Dada mkubwa alinipigia yeye mwenyewe kabla hata sijamtafuta. "Kaka, nakuomba kitu kimoja. DVD ya sendofu niliyotumiwa haikucheza. Nikiiweka, TV inaandika maneno kwamba diski haifai. Nikaiweka kwenye kompyuta ya kazini ikacheza vizuri tu. Sasa hii ya harusi nataka niiangalie sebuleni na watoto." Sendofu ile ilifanywa na studio nyingine, na diski yenyewe haikuwa na kasoro. Ile sentensi ya kompyuta ndiyo iliyonieleza kila kitu. Kompyuta haina mfumo wa TV, inacheza PAL na NTSC bila kubagua. Deki iliyonunuliwa dukani Marekani imetengenezwa kwa soko la NTSC: mistari 480, fremu 29.97 kwa sekunde. Umeme wao ni wa mizunguko 60, wetu wa 50, na TV za mwanzo zilifuata umeme wa nchi. Deki nyingi zinazouzwa kwetu zinacheza mifumo yote miwili, kwa hiyo diski inayotoka kwao huwa haina shida ikifika hapa. Ya kwetu ikienda kwao ndiyo inayokwama, na ukoo mzima unabaki unalaumu posta, au unadhani diski imekwaruzika njiani.

Kugeuza PAL kuwa NTSC si suala la kubonyeza kitufe na kwenda kulala. Fremu 25 inabidi ziwe karibu 30, maana yake kila sekunde kuna fremu tano ambazo hazikuwahi kupigwa. Programu rahisi hurudiarudia fremu zilizopo, na mtu anayetembea ukumbini anakuwa kama anakwama kila baada ya muda mfupi. Nyingine huchanganya fremu mbili kuwa moja, ukiisimamisha picha unamwona shangazi ana mikono minne. Njia niliyoitumia inategemea zile nusu-fremu nilizozitaja. Kamera ikirekodi fremu 25 kwa nusu mbili, kwa kweli imeuona ukumbi mara 50 kwa sekunde. Nikazitenganisha nusu zile, kila moja nikaikuza kuwa picha kamili, nikapata picha 50 kwa sekunde, kisha hizo ndizo nikazigeuza kuwa nusu-fremu 59.94 za Marekani. Kompyuta ilifanya kazi hiyo usiku kucha, feni ikilia. Lakini mwendo ulitoka laini, hata kwenye ngoma.

Kwa kazi zilizopigwa fremu 25 kamili, bila nusu, nina njia ninayoipenda zaidi. Naipunguza kasi video kwa takriban asilimia 4, iwe fremu 23.976, na diski inaambiwa deki ijaze yenyewe hadi 29.97 kwa mpangilio ambao kila deki ya Marekani inaujua, kwa sababu filamu zao nyingi ziko hivyo. Hakuna fremu ya kubuni hata moja. Saa moja inakuwa dakika 62 na nusu, na hakuna atakayehisi. Sauti ndiyo ya kuangalia: ukiipunguza kasi bila kuirekebisha, kaswida inashuka kwa karibu nusu noti na shehe anayefungisha ndoa anakuwa na sauti nzito isiyo yake. Programu za sauti zinaweza kurudisha kimo bila kugusa kasi. Fanya hivyo.

Jambo jingine la Marekani ni aina ya sauti. Kwenye diski ya PAL unaruhusiwa kuweka sauti ya MPEG tabaka la pili peke yake, na programu nyingi za zamani hufanya hivyo bila kukuuliza. Kiwango cha NTSC kinadai Dolby Digital au sauti isiyokandamizwa. Ukiisahau, dada ataona harusi bila kusikia neno.

Nilimtumia kwanza diski ya majaribio kupitia mtu aliyekuwa akisafiri, kipande kifupi cha ndoa na kipande cha ngoma. Ujumbe wake ulikuja usiku wetu: "Imecheza. Watoto wamemwona bibi." Hapo ndipo nikachoma zile kamili. Tangu wakati ule sitoi diski ya Marekani au Kanada bila kutanguliza ya majaribio kama kuna muda, kwa sababu deki yangu hapa inakubali kila kitu, na kwa hiyo haiwezi kunithibitishia kwamba deki ngumu ya mtu mwingine itakubali. Pasipo muda, nalifungua faili lenyewe ndani ya VIDEO_TS, folda ya diski ambayo deki huisoma, kwa programu ya kukagua, nahakikisha namba moja baada ya nyingine: 720 kwa 480, 29.97, Dolby Digital ya kilohezi 48.

Maharusi waliobaki na TV bapa hawakuhitaji diski. Nililazimika kuwashawishi, maana walitaka kasha lenye picha yao juu, na kasha nikawapa, ndani yake nikaweka flashi. Wengi wanadhani flashi imemaliza matatizo yote haya. Haijayamaliza. TV na deki za zamani zenye tundu la USB husoma flashi iliyopangwa kwa FAT32 tu, njia ya zamani ya kupanga mafaili, na FAT32 haibebi faili moja linalofika gigabaiti 4. Harusi ya saa tatu inabidi ikatwe vipande. Deki nyingi za sebuleni zinacheza faili la AVI lililokandamizwa kwa DivX au Xvid lenye sauti ya MP3, na ukizipa MP4 iliyokandamizwa kwa H.264, njia mpya zaidi, zinaonyesha jina la faili lakini hazilichezi. TV bapa inacheza H.264 bila shida, ila nyingine haziijui H.265, ambayo ndiyo simu nyingi za sasa zinarekodi. Nikipewa picha ya TV, nasoma namba ya modeli nyuma yake, natafuta kitabu chake cha maelekezo mtandaoni, na ukurasa wa USB ndio ninaousoma kwanza.

Pia nawaeleza wateja tofauti ya DVD ya video na DVD ya mafaili. Mtu anaburuta MP4 kwenye diski, anaichoma, anasema ametengeneza DVD. Hiyo ni diski ya kuhifadhia mafaili. Deki ya kawaida inatafuta folda ya VIDEO_TS yenye mafaili ya IFO na VOB, isipoikuta inaitema.

Blu-ray nitaipitia haraka, maana kwa wateja wangu ilikuwa nadra. Ilimshinda mpinzani wake, HD DVD, mwaka 2008 Toshiba walipojitoa, inabeba gigabaiti 25 au 50, na picha yake haina mpinzani kwenye diski. Lakini kati ya nyumba ninazozihudumia, zenye mashine ya kuichezea ni chache mno. Na yale ya mifumo hayakuisha: kiwango chake hakina 1080 ya fremu 25 kamili, unaiweka kama nusu 50, na mashine nyingi za Marekani zinaikataa. Aliye huko mpe 23.976. Februari 2025 Sony waliacha kutengeneza Blu-ray za kurekodia, na kanda za MiniDV wakaziacha pamoja nazo. Kanda zile nilianza nazo kazi. Nina makabati ya harusi za watu ndani yake, nazihamisha kila ninapopata nafasi, gigabaiti 13 kwa kila saa, kabla mashine yangu ya kuzichezea haijafa.

Siku hizi kila mteja ana simu, na vijana wanataka kiungo cha mtandaoni tu. Nawapa. Lakini bado nawauliza kuhusu wazazi, kwa sababu bando la kutazama saa tatu za harusi ni fedha nyingi kwa mama aliye kijijini, na deki yake ya DVD inacheza bila bando. Kwenye karatasi ya makubaliano nimeweka ukurasa mmoja wa watazamaji: jina na uhusiano, mji au nchi, picha ya mashine, na nafasi ya mimi kuandika aina ya diski au flashi atakayopata. Chini yake nimeandika kwamba yeyote aliyejazwa kwenye ukurasa huo, diski yake ikikataa, namtengenezea nyingine bila malipo, hata ikiwa imepita miaka. Faili kuu la kila harusi linakaa kwenye diski kuu (hard disk) mbili, moja ofisini na nyingine nyumbani kwangu, ili ahadi hiyo niweze kuitimiza.